Uzi: Pabu za kijiji cha Hesket Newmarket. Aliyolala Dickens imekufa, ya jirani yake bado inamimina

MtunzaBabu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi nimekuwa nao kichwani muda mrefu, leo niko mapumziko kwa hiyo acha niumwage. Nipo Carlisle, kaskazini kabisa mwa Uingereza, ukisogea kidogo tu umeingia Scotland. Kazi yangu ni kutunza wazee. Kuna babu mmoja ninayemhudumia, mchana kutwa huwa kimya, lakini jioni akishapata chai anaanza kuhesabu pabu. Hahesabu pesa wala wajukuu, ni pabu tu. Anataja jina, anataja aliyeiendesha, anataja lini ilifungwa, utadhani anasoma orodha ya marehemu kwenye hitima. Siku moja nikamuuliza, sasa katika zote hizo ipi imebaki? Akanitajia kijiji: Hesket Newmarket. Nikaomba lifti kwa mfanyakazi mwenzangu, nikaenda kuona kwa macho yangu.

Kabla hatujagombana kuhusu maneno: naandika "pabu" kwa makusudi. Kwa hapa baa ni ile kaunta unayoegemea. Nyumba nzima, pamoja na moto wa kuni, mbwa aliyelala chini ya meza na mzee anayegomba kuhusu mpira, hiyo ni pabu.

Kijiji chenyewe kiko pembeni mwa milima ya Lake District, upande wa kaskazini ambako mabasi ya watalii hayafiki sana. Nyumba za mawe zimejipanga huku na huku, katikati kuna uwanja mrefu wa majani na kibanda cha soko cha tangu enzi. Jina lenyewe linataja soko jipya, lakini soko lilishakufa zamani, na reli ilipokuja ikapita kwingine. Mahali pa mnada wa mifugo hapakosi pa kunywea. Mtu ameuza kondoo, mfuko umejaa, njia ya kurudi ni ndefu na mvua ya huku haina adabu.

Sasa pabu mbili tu nizizungumzie, maana hizo ndizo zilizonifanya nikose usingizi.

Ya kwanza iliitwa Queen's Head. Septemba 1857 walifikia pale waandishi wawili wakubwa wa Uingereza, Charles Dickens na rafiki yake Wilkie Collins. Dickens akatia nia ya kupanda mlima wa Carrock Fell, kama mita 660 hivi, siyo Kilimanjaro. Mwenye pabu mwenyewe akajitolea kuwaongoza. Wakapanda kwenye mvua, ukungu ukawafunika, dira ya Dickens ikavunjika, wakapotea, na wakati wa kushuka Collins akateguka kifundo cha mguu. Safari hiyo baadaye wakaiandika na kuichapisha. Yaani pabu ilipata tangazo ambalo leo hakuna mwenye biashara angeweza kulilipia.

Leo hiyo Queen's Head ni nyumba ya mtu. Wameiita Dickens House. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, ukisimama sana mbele unaonekana mwizi.

Ya pili inaitwa Old Crown. Hii haina habari za Dickens. Lakini mwaka 2003 wanakijiji na wateja wake, zaidi ya watu mia moja, walichangishana wakainunua, na inatajwa kuwa ndiyo pabu ya kwanza ya ushirika nchi hii. Hiyo ndiyo inayomimina bia mpaka leo.

Naomba tujadili. Kwa nini yenye jina ilikufa na isiyo na jina ikaishi?

---

Mtanga_Halisi

Ndugu yangu, mimi sinywi na sitakunywa inshallah, kwa hiyo naomba usinielewe vibaya. Ila naona mnaomboleza vilabu vya pombe kama misikiti. Kikifungwa kilabu kwetu watu wanashukuru. Kuna msiba gani hapo?

---

MtunzaBabu

Shehe, swali lako ni la haki na nililitegemea.

Katika kijiji kama kile hakuna baraza la nje la kukaa. Kuna baridi, kuna mvua, na saa kumi jioni mwezi wa kumi na mbili kumeshakuwa giza. Mtu akistaafu, mke akafa, watoto wako London, kama hakuna mlango mmoja ulio wazi jioni huyo mtu atakaa siku tano bila kusikia sauti ya binadamu. Nawahudumia hao watu, najua ninachosema. Pabu za vijijini siku hizi nyingine zimebeba posta, duka la mkate, maktaba ndogo. Mfalme Charles wa sasa, alipokuwa bado mwana wa mfalme, mwaka 2001 alianzisha shirika linaloitwa Pub is The Hub kwa kazi hiyohiyo, na 2004 alifika Old Crown kuangalia ushirika wao.

Na pale ndani unaagiza chai, hakuna anayekushangaa. Wewe ungekaa, ungepiga soga, ungetoka na swaumu yako.

---

Mtanga_Halisi

Kama ni baraza lenye paa, hapo nimekuelewa kidogo. Kidogo tu. Endelea.

---

Komredi_wa_Makambako

Nimeweka kambi hapa na kigoda changu.

Kwetu kilabu cha ulanzi kina faida moja: mianzi ikikauka kilabu kinalala, mvua zikirudi kinafufuka. Hakifi. Kwa nini za wenzetu zikifa zimekufa moja kwa moja? Na pili, ni kweli wazungu wa huko wanakunywa bia ya moto?

---

MtunzaBabu

Komredi, hilo la bia ya moto ndilo nililotaka mtu aniulize.

Nilifika Old Crown nikaagiza nusu painti. Painti nzima ni mililita 568, mimi sina kifua hicho. Dada wa kaunta hakufungua friji. Akashika mpini mrefu kama wa pampu ya kisima, akavuta mara mbili tatu, bia ikapanda kutoka chini. Nikaigusa glasi: siyo moto wa moto, ni ubaridi wa mtungi. Nyuzi kumi na mbili hivi. Inakaa kwenye pipa chumba cha chini, na bado iko hai, hamira inaendelea kufanya kazi mlemle ndani ya pipa. Povu lake dogo, ladha yake kama mkate na majani machungu. Kusema ukweli mdomo wa kwanza nilijuta. Wa tatu nikaanza kuelewa. Wa tano glasi ilikuwa imekwisha na nikawa naangalia mpini.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Bia ile ukishatoboa pipa una siku tatu nne, baada ya hapo inaanza kuchacha. Kijiji chenye wanywaji pipa linaisha bia ikiwa tamu. Wanywaji wakipungua, pipa linakaa, bia inaharibika, aliyekuja mara moja akaonja siki harudi, wanapungua tena. Pabu haifi kwa siku moja. Inachacha.

---

Wakili_Asiyelipwa

Mkuu MtunzaBabu uzi mzuri, lakini umeanzia katikati. Usimlaumu mnywaji peke yake. Pabu za Uingereza zimezaliwa kwa sheria na zimeuawa kwa sheria, mara nyingi zaidi ya mnavyodhani. Nivumilieni, ni ndefu.

Mwaka 1830 Bunge lilipitisha sheria ya nyumba za bia. Nia yao ilikuwa watu waache jini, ile pombe kali (gin) iliyowamaliza maskini, na pia kuvunja nguvu za viwanda vikubwa. Kuanzia hapo mlipa kodi yeyote angeweza kulipa gini mbili, pesa ya enzi hizo, akapata leseni ya kuuza bia sebuleni kwake bila kupita kwa hakimu. Fikirini. Mhunzi anafua chuma huku mkewe anamimina bia. Fundi viatu vivyo hivyo. Ndani ya miaka michache zikawa makumi ya maelfu nchi nzima. Kwa hiyo mkiona historia ya kijiji cha kaya mia moja inataja pabu sita au saba, msishangae, nyingi zilikuwa chumba kimoja, benchi mbili na pipa.

Mwaka 1869 wakashtuka, leseni zikarudishwa mikononi mwa mahakimu. Halafu 1904 ikaja sheria ambayo kwangu ndiyo ya ajabu kuliko zote: hakimu akiona kijiji kina pabu nyingi kupita mahitaji anaweza kufunga moja hata kama mwenyewe hana kosa, na mwenye pabu analipwa fidia. Fidia inatoka wapi? Kwenye tozo wanayotozwa pabu nyingine zilizobaki. Yaani waliobaki hai wanachangia sanda ya mwenzao.

Kwa hiyo orodha ya babu yako ya pabu zilizokufa, kubwa yake haikuuawa na supamaketi wala marufuku ya sigara. Iliuawa kabla babu hajazaliwa, na kalamu.

---

Komredi_wa_Makambako

Waliobaki wanachangia sanda! Wakili umenimaliza.

---

MtunzaBabu

Wakili shikamoo. Na kwa kuwa umefika 1904, acha mimi nichukue kijiti, maana kinachofuata kilitokea hapahapa nilipo na babu yangu ni shahidi.

Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walijenga kiwanda kikubwa cha baruti Gretna, mpakani na Scotland. Wakaja maelfu ya vibarua, wana mishahara, hawana familia, na mji wa karibu ni Carlisle. Mnaweza kuona picha ya Jumamosi jioni. Serikali ikaona bora iingie yenyewe. Mwaka 1916 ikataifisha viwanda vya bia na pabu za Carlisle na vitongoji vyake. Narudia kwa walio nyuma: Uingereza, nyumbani kwa ubepari, ilitaifisha pabu. Sisi Arusha 1967 tulikuwa tumechelewa.

Wakafunga nyingi, wakabakiza chache. Waliowekwa kuendesha wakalipwa mshahara uleule, auze bia nyingi au kidogo, ili asiwe na sababu ya kumlewesha mtu. Wakasisitiza chakula. Wakamwajiri msanifu majengo, Harry Redfern, akawachorea pabu mpya zenye mwanga na nafasi, na baadhi ya majengo yake bado yamesimama mjini hapa, Cumberland Inn ni mojawapo. Tena mwaka 1915 kulikuwa kumetoka amri sehemu mbalimbali za nchi ya kukataza kununuliana. Unakunywa cha kwako, raundi ni kosa la jinai!

Mpango wa vita ulidumu mpaka mwaka 1973. Vita viliisha, na vingine vikaja vikaisha, serikali bado inauza bia Carlisle. Babu yangu alikunywa bia ya serikali ujana wake wote. Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema ilikuwa ya bei nzuri na hakuna aliyeisifu mpaka ilipoondoka.

---

Bint_Hesabu

Hiyo sentensi ya babu ichapwe kwenye fulana.

Naomba kuingiza namba kidogo. Nilifanya kazi ya vitabu vya hesabu kwa mtu aliyekodi pabu, sitasema wapi wala kampuni gani. Watu wanaona glasi moja karibu pauni tano wanadhani mwenye pabu anatajirika. Toa kodi ya bia. Toa kodi ya ongezeko la thamani. Toa mshahara, umeme, gesi, kodi ya jengo ya halmashauri. Halafu toa kile ambacho wengi hawakijui: pabu nyingi mpangaji hana ruhusa ya kununua bia anapotaka. Mkataba unamfunga anunue kwa mwenye jengo tu, kwa bei ya mwenye jengo. Pipa lilelile anaweza kuliona kwingine kwa bei ya chini na akaishia kulitazama tu.

Huyo niliyemfanyia hesabu alikuwa anafungua saa tano asubuhi, analala saa saba usiku. Mwisho wa mwaka nilipomwonyesha kilichobaki, mkewe alicheka kwanza, halafu akatoka nje.

---

Wakili_Asiyelipwa

Dada, na huo mnyororo una historia yake. Zamani mwenye jengo alikuwa ni kiwanda cha bia chenyewe. Kiwanda kinamiliki pabu, pabu inauza bia ya kiwanda, ilikuwa minyororo lakini angalau kiwanda kilitaka pabu iishi, maana ndiyo mdomo wake. Mwaka 1989 serikali ikasema viwanda vikubwa vimehodhi soko. Kiwanda chenye pabu zaidi ya 2,000 kikaambiwa nusu ya zile za ziada ziachiliwe.

Nia njema kabisa. Kilichotokea? Viwanda vikauza pabu kwa maelfu, na walionunua si wanakijiji. Ni kampuni mpya ambazo hazikupika hata chupa moja. Kazi yao ni majengo na mikopo. Kwa mtu wa namna hiyo pabu ni mraba kwenye karatasi: ikiuzwa kama nyumba ya kuishi ni bei gani, ikiendelea kama pabu ni bei gani. Kijiji chenye mandhari kama cha Lake District, ambako tajiri wa mjini anatafuta nyumba ya pili ya wikiendi, hesabu hiyo haichukui dakika mbili.

Tangu 2016 kuna kanuni na msuluhishi wa kampuni zenye pabu 500 na zaidi za mikataba hiyo, mpangaji anaweza kudai kulipa kodi ya pango kwa bei ya soko tu na kununua bia atakako. Imesaidia baadhi. Wengi walikuwa wameshatoka mlangoni.

---

Njoro_wa_Dudley

Wadau, mkiongea juu ya majengo na pesa bila kutaja pabu ya Crooked House, yaani nyumba iliyopinda, mtakuwa mmeacha mboga jikoni. Mimi naishi karibu na hapo, ilikuwa Himley, Staffordshire, nje kidogo ya Dudley.

Jengo la 1765, lilikuwa nyumba ya shamba kabla ya kuwa pabu. Chini yake walichimba makaa ya mawe mpaka ardhi ikazama upande mmoja. Nyumba ikainama. Walikaribia kuibomoa, kisha wakaishikilia kwa nguzo na vyuma, ikabaki imeinama vilevile. Ndani ukiweka gololi mezani unaiona inapanda kilima, macho yanakudanganya. Mtu hajanywa kitu anatembea kama amelewa, na aliyelewa anatembea sawasawa, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukitaniana. Niliwapeleka wageni kutoka Nakuru, mama mmoja alikataa katakata kuingia, akasema nyumba ya namna hiyo kwao ingekuwa imeshaombewa.

Julai 2023 ikauzwa. Jumamosi usiku, tarehe 5 Agosti, ikaungua. Jumatatu, tarehe 7, ikabomolewa yote hadi chini. Halmashauri ikasema haikukubali libomolewe lote. Watu walikuja kuweka maua kwenye kifusi, mimi mwenyewe niliona wazee wanaokota matofali kama masalia ya mtakatifu. Polisi wakasema moto ule wanauchunguza kama wa kuchomwa. Februari 2024 halmashauri ikatoa amri ijengwe upya ndani ya miaka mitatu, ikiwa imeinama vilevile. Wenye mali wakakata rufaa.

Sasa niambieni fundi gani anajua kujenga nyumba iliyoinama kwa makusudi?

---

Komredi_wa_Makambako

Fundi aliyenijengea choo anaweza.

---

Wakili_Asiyelipwa

😂😂 Komredi!

Njoro, la kujenga upya si ndoto. Kuna Carlton Tavern, hiyo ni London. Aprili 2015 ilibomolewa bila kibali, halmashauri ya Westminster ikaamuru irudishwe tofali kwa tofali. Ikafunguliwa tena 2021. Iliwezekana kwa sababu kabla ya kubomolewa wataalamu wa majengo ya kale walikuwa wamechukua vipimo na picha, maana wakazi walikuwa na wasiwasi tayari.

Na tangu mwaka 2017, kwa Uingereza yenyewe, huwezi kugeuza pabu kuwa duka au kuibomoa bila kibali cha mipango miji. Zamani ungeweza, kama unabadilisha pazia.

---

Pwani_mpaka_Banbury

Salaam. Huku Oxfordshire kuna kijiji cha Hook Norton, wana kiwanda chao cha bia tangu 1849, ghorofa nyembamba ndefu kama mnara, na wamekuwa wakipeleka mapipa kwa gari la farasi kwenye pabu za kijiji. Farasi wakubwa, kwato kama sinia. Nadhani kiwanda kikiwa palepale kijijini pabu inapata ndugu wa kuilinda. Je, hao wa Old Crown bia wanaitoa wapi?

---

MtunzaBabu

Umegusa mshipa wenyewe!

Old Crown nyuma yake kulikuwa na ghala. Mwaka 1988 waliokuwa wanaendesha pabu wakaanza kupika bia humo, na bia wakazipa majina ya milima inayozunguka, Skiddaw, Blencathra, Helvellyn. Moja waliibatiza kwa bibi wa familia, Doris, kuadhimisha miaka yake tisini. Mkitaka kujua kama pabu ina ndugu, angalieni kama ina bia yenye jina la bibi.

Wenye kiwanda walipotaka kupumzika, mwaka 1999 wateja wakakinunua kwa ushirika. Kwa hiyo mwaka 2003 pabu yenyewe ilipoingia sokoni hawakuwa wanajifunza kuogelea siku ya mafuriko. Walikuwa na daftari, walikuwa na watu waliokwisha kuaminiana pesa. Mmoja wa wanahisa waliokuwa wanatajwa ni Chris Bonington, mpanda milima yule mashuhuri wa Everest, anaishi jirani. Ushirika unamiliki, mpangaji anaendesha.

Nikiwa pale nilikaa na mzee mmoja, nikamuuliza kwa nini hawakuinunua Queen's Head. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini hawakuzuia Gharika. Ile ilishakwisha zamani, akasema, kabla ya watu kujua kwamba pabu inaweza kununuliwa na wanaokunywa.

---

Mtanga_Halisi

Mimi nimerudi. Nina swali la kiuchumi, siyo la dini. Ushirika kwetu tunaujua. Wakulima wanachanga, mwenyekiti ananunua gari. Hawa wa kwako wamewezaje?

---

Bint_Hesabu

Shehe acha nijibu mimi. Si malaika. Nyingi ya hizi zinaandikishwa kama jumuiya za manufaa ya jamii. Mwanachama mmoja kura moja, awe ameweka pauni mia tano au elfu tano, kwa hiyo tajiri wa kijiji hawezi kuinunua ikawa yake. Hisa huziuzi sokoni, unairudishia jumuiya yenyewe, kwa thamani uliyoweka, kama pesa ipo. Hakuna aliyewekeza akitegemea utajiri, kwa hiyo mwizi anakosa cha kuvizia.

Na sheria ya 2011 iliwapa nguvu nyingine: wanakijiji wanaweza kuomba halmashauri iiandikishe pabu kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Mwenye mali akitaka kuuza, wakisema tunataka kujaribu, anasubiri miezi sita wachangishe. Halazimiki kuwauzia wao, hapo ndipo wengi wanapoangukia pua. Lakini leo pabu za jamii zimepita mia moja nchi nzima, na zilizofungwa kati yao ni chache mno.

Kinachowaua siyo wizi, ni uchovu. Kamati ya watu tisa, miaka mitano ya kwanza wana moto, mwaka wa kumi wamebaki watatu na mmoja wao ana magoti mabovu.

---

Mtanga_Halisi

Hilo la magoti hata kamati za msikiti.

---

Njoro_wa_Dudley

Mmesahau gari bana. Pabu ya shambani mteja anakuja kwa gari. Mwaka 1967 wakaleta kipimo cha pumzi barabarani. Mimi nakubaliana na sheria kwa asilimia mia, nimezika rafiki kwa ajili ya dereva mlevi, Naivasha. Lakini kwa hesabu, mteja aliyekunywa tatu sasa anakunywa moja au anabaki nyumbani na kreti ya supamaketi. Halafu Julai 2007 sigara ikakatazwa ndani. Halafu 2020 Korona ikafunga milango yote kwa siku moja.

---

Wakili_Asiyelipwa

Kweli. Mwaka 2000 nchi hii ilikuwa na pabu elfu sitini hivi. Leo ni kama elfu arobaini na tano. Na usiku wa kijijini basi la mwisho limeshaondoka saa kumi na mbili, kama lipo.

---

Komredi_wa_Makambako

MtunzaBabu turudishe kijijini. Kwa hiyo jibu lako mwenyewe ni lipi? Dickens alishindwa kuiokoa Queen's Head?

---

MtunzaBabu

Komredi, Dickens alilala, akalipa, akaondoka. Tena aliondoka na mwenzake amebebwa mguu. Anayeiweka pabu hai ni anayerudi Jumanne ya mwezi wa pili, mvua ya kulala, hana hadithi yoyote ya kuandika.

Ila nisidanganye, sijui kama Old Crown wangesalimika kama ghala lile la nyuma lisingekuwepo. Njiani tulipita vijiji ambavyo vina majengo yenye dirisha kubwa la mbele na chuma kimetokeza ukutani juu ya mlango, chuma kilichokuwa kimeshika kibao cha pabu. Kibao hakipo, chuma kipo. Mwenzangu anaendesha mimi nahesabu. Nilifika saba nikaacha. Hizo nazo zilikuwa na watu waliozipenda.

Jioni ile nilipoingia zamu nikamkuta babu kwenye kiti chake. Nikamwambia nimefika Hesket Newmarket. Hakuuliza nani yuko kaunta, hakuuliza nani amekufa. Aliniuliza kitu kimoja tu: bia ilikuwa ya baridi?

Nikamwambia hapana, haikuwa ya baridi.

Akatikisa kichwa polepole, akasema vizuri. Halafu akaanza kuhesabu, na safari hii alianza na hiyo.